Saa Saba za Kushuka, Saa Nane za Kupanda

Ndugu yangu mkubwa alipokuja hatimaye, mwishoni mwa miaka ya tisini, kitu cha kwanza alicholalamikia ni urefu wa safari. Alitoka pale uwanja wa ndege, Embakasi, akiburuta sanduku la magurudumu, akanikumbatia kwa mkono mmoja, akasema, "Brathe, hii safari itaniua. Ni mbali sana." Nikacheka, na si kwa furaha. Katika watu wote waliosimama kungoja wageni asubuhi ile, hakuna aliyeujua umbali huo kama mimi. New York hadi London ni kilomita elfu tano na mia tano na kitu, saa saba angani. London hadi Nairobi ni saa nane na nusu. Mimi sijapanda ndege mpaka leo. Haya nilifundishwa na baba yetu, ambaye naye hakuwahi kupanda.

Baba alikuwa mtu wa reli. Hakuwa dereva wala stesheni masta. Alikuwa karani wa mwendo wa treni, mtu wa kukaa mezani na rula na penseli iliyochongwa vizuri, akiandika treni gani imepita wapi saa ngapi, na kama imechelewa, imechelewa kwa nini. Daftari lake lilikuwa na safu ya sababu upande wa kulia, na safu hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake. Treni haichelewi hivi hivi, alikuwa akisema. Ng'ombe ameingia relini, au injini imeharibika, au mtu amelala kazini. Sababu iandikwe, na aliyeleta taarifa aandikwe. Nyumbani alitulea hivyo hivyo. Ukichelewa kutoka kwaya ulikuta swali mlangoni kabla ya salamu: "Sababu?" Ukimtaja mtu aliyekuchelewesha, alikwenda kumuuliza.

Walipoanza kupunguza wafanyakazi wa reli, yeye alipunguzwa pamoja na wa kwanza. Nyumba za reli si za mtu, ni za kazi. Kazi ikiisha unatoka na vitanda vyako. Akaja na Mama kwangu, mtaa wa Tena, kwenye vyumba viwili nilivyokuwa nimepanga. Wakati huo nilikuwa karani katika ghala la mizigo Industrial Area. Wao wakachukua chumba cha ndani, mimi nikabaki sebuleni na godoro langu, na kati yetu likawa pazia la maua alilolishona Mama mwenyewe. Usiku nilimsikia Baba akikohoa, naye bila shaka alinisikia nikigeuka.

Mtu atauliza kwa nini hakurudi nyumbani. Nyumbani wapi? Kwetu Nyanza mwanamume haamki tu siku moja akaenda kujenga. Hutoka kwa baba yake alfajiri, mwanawe wa kwanza akiwa na shoka, mkewe amebeba moto, na jogoo hakosi kuwepo. Siku hiyo hiyo nyumba husimamishwa na wakalala humo. Ndipo huitwa mwenye boma. Asiyetoka hivyo, hata akiwa na mvi kichwa kizima, akifa anazikwa kwa baba yake kama kijana ambaye hajatoka kwao. Baba alikuwa amemaliza maisha yake yote katika nyumba za reli. Sasa sukari ilikuwa imemshika, miguu inavimba, na daktari ameanza kuzungumza nami kando, kwa sauti ya chini. Baba hakutaka dawa wala pole. Alitaka kufa akiwa na boma lake. Na mwana wa kwanza, mwenye kushika shoka, alikuwa New York mwaka wa saba.

Mimi nilikuwepo. Hilo naomba likumbukwe, kwa sababu wakati ule halikuonekana kuwa na uzito wowote. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki Umoja, nikamfunga kamba za viatu pale mgongo ulipokataa kuinama. Siku moja nikamwambia, kwa mzaha wa kumpima, kwamba mikono ya kushika shoka hata mimi ninayo. Akaweka kikombe chini.

"Njia ni moja," akasema. "Treni ya pili haiingii mpaka ya kwanza ipite. Dereva hushikishwa tokeni ya ruhusa mkononi pale stesheni. Bila tokeni, hata akiona njia nyeupe mpaka Mau Summit, hasogei. Akisogea ni ajali."

"Na kama ya kwanza haiji, Baba?"

"Itakuja. Ina sababu yake."

Nilimaliza chai yangu. Lakini liliniingia, na halikutoka.

Kazini kwetu kulikuwa na mtu aliyepeleka mizigo uwanja wa ndege kila siku. Nikamwomba aniletee kitabu cha ratiba za ndege, cha zamani, kisichotakiwa na mtu. Nilidhani namletea Baba kitu cha kuchezea. Alikipokea kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akachukua rula, na kwa siku tatu Mama akawa anaandaa chakula kinapoa mezani. Uso wa Baba ulirudi kama ulivyokuwa ofisini. Siku ya nne aliniita nyuma ya pazia.

"Wamekosea," akasema. "Tazama. New York kwenda London, saa saba. London kwenda New York, saa nane. Umbali ni ule ule. Huyu karani alikuwa amelala."

Akaandika barua kwa shirika la ndege, kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja, akiwaarifu kwa heshima kwamba ukurasa fulani una kosa la saa nzima na kwamba abiria wanaweza kupotoshwa. Nilikwenda nayo kazini mfukoni. Yule mtu wa mizigo alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanieleza kwamba huko juu kuna upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokuja upande wetu inasukumwa, inayokwenda Marekani inaupiga uso kwa uso. Nikarudi na habari hiyo. Baba aliikataa kabisa.

"Upepo ni sababu ya kuchelewa," akasema. "Upepo hauandikwi ndani ya muda wa safari." Akafikiri, penseli kinywani. Halafu uso ukafunguka. "Ni mteremko. Kama Mau Summit kwenda Kisumu. Treni ya kushuka na ya kupanda, njia ni moja lakini muda si mmoja. Kuja nyumbani ni kushuka." Hilo la mteremko lilimfurahisha kuliko kitu chochote mwaka ule. Alimweleza Mama, akamweleza mwenye duka, akamweleza na mchungaji: mwanawe akiwa anakuja nyumbani, anateremka.

Akachora ratiba. Ninayo mpaka leo. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, kuondoka New York. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa za huko, kufika London. Kisha kungoja siku nzima, jambo lililomuudhi sana; kwake treni mbili zisizokutana vizuri ni uzembe wa mtu fulani. Usiku wa Jumamosi kuondoka London, Jumapili saa moja na nusu asubuhi kufika Nairobi. Jumapili jioni, treni ya Kisumu. Hapo ndipo hata yeye aliguna. Bahari nzima ya Atlantiki ilikuwa saa saba, na treni yake mwenyewe, aliyoitumikia miaka thelathini, ilihitaji saa kumi na tatu kwa umbali usiofika hata sehemu ya kumi ya ule. Jumatatu asubuhi Kisumu. Jumanne alfajiri, shoka. Alinunua shoka jipya Gikomba, akalitia mpini mwenyewe, akaliweka chini ya kitanda limefungwa gunia.

Ndugu yangu alikuwa akinipigia simu ofisini Jumamosi alasiri, kwao kukiwa asubuhi. Jumamosi moja ya Novemba nilikwenda na Baba. Alikaa kwenye kiti cha karani mkuu, kofia magotini, kitabu cha ratiba juu ya kofia. Simu ilipolia nilishika mimi.

"Sikiza, brathe," ndugu yangu akaanza kabla sijasema kitu. Nilikuwa nimemwandikia barua kuhusu shoka. "Makaratasi yangu yalikufa kitambo. Kutoka huku naweza hata leo, hakuna atakayenizuia. Kurudi ndiyo basi. Nikitoka nimejifungia nje. Na huku nina mtoto sasa."

"Mzee hali yake si nzuri," nikasema, nikimtazama Baba ambaye alinitazama pia.

"Najua. Shika wewe hilo shoka. Mimi nimekuachia. Mwambie nimesema hivyo, nimekuachia."

"Mwambie mwenyewe."

Nikampa Baba simu. Baba hakumuuliza kama anakuja. Alimsomea ratiba, taratibu, mstari kwa mstari, kama anayempa stesheni ya mbali habari za treni. Na kila mstari nilimsikia ndugu yangu, sauti ndogo ndani ya chuma: ndiyo, Baba. Ndiyo, Baba. Mwishoni Baba akasema, "Usiogope. Ni mteremko." Akarudisha simu mahali pake, akavaa kofia, akaniambia wamekwisha kuelewana.

Nilikuwa na wiki nne za kumwambia kwamba ndugu yangu haji. Nilimwona akifua koti lake la reli, nikamwona Mama akimnunua jogoo na kumfunga mguu kwenye bomba uani, ambako jogoo huyo aliamsha ploti nzima. Wapangaji walinung'unika. "Mathe, huyu kuku wako hana saa," kijana wa jirani alisema, naye Mama akamjibu kwamba ana saa nzuri tu, ni za Kisumu. Kila siku nilikuwa na lile neno mdomoni. Kila siku nililimeza.

Nitasema kwa nini, maana nimechoka kulipamba. Nililelewa kwa kuachiwa. Shati lake likimbana, nimeachiwa. Viatu vyake vya shule vikiisha kisigino, nimeachiwa. Alipoondoka kwenda Marekani niliachiwa kitanda chake, na baadaye nikaachiwa wazazi. Sikutaka kuachiwa na shoka pia. Nilitaka Baba aamke asubuhi moja, anitazame mimi niliyemfunga viatu, aseme: shika wewe. Aseme yeye mwenyewe, bila kuambiwa kwamba yule mwingine amekataa. Nilijiambia kwamba akiona kwa macho yake New York imemwangusha, atageuka, na nyuma yake ataniona mimi.

Jumapili ile jirani mwenye pikapu alitupeleka Embakasi. Baba alivaa koti la reli na saa yake ya mfukoni. Ndege ilitua dakika sita kabla ya wakati, akafurahi, akaandika kwenye daftari. Abiria wakaanza kutoka. Wazungu wa safari, akina mama wenye vigari vya watoto, vijana wenye makoti mazito wakikumbatiwa na ukoo mzima. Mama alikuwa amebaki Tena akichinja kuku mwingine. Watu wakapungua. Wakatoka marubani na wasichana wa ndege, mashati meupe, wakicheka mambo yao. Mfagiaji akaja akafagia pale tuliposimama.

Baba alitazama mlango muda mrefu. Kisha akafungua daftari, akaandika, akasoma kwa sauti anachoandika: "Imefika. Abiria hayumo." Penseli ikasogea upande wa kulia. Akanigeukia.

"Sababu?"

Hapo ndipo. Hakuna mahali pengine katika maisha yangu panaponirudia kama pale. Alikuwa amegeuka, na nyuma yake alikuwa ameniona mimi, kama nilivyotaka. Lakini hakusema shika wewe. Aliuliza sababu. Nikakasirika. Mzee mgonjwa, amesimama juu ya miguu iliyovimba, nami nikamkasirikia.

"Labda alikosa kuunganisha ndege London," nikasema.

Uso wake ukachangamka. Kukosa kuunganisha ni jambo alilolijua. Abiria aliyekosa kuunganisha bado yuko njiani. Akaandika, akafunga daftari, na ndani ya pikapu akaanza kuhesabu ndege inayofuata.

Basi akangoja. Desemba ikaisha, Januari ikaisha. Kila Jumapili alifungua kitabu akaandika muda wa ndege ile kufika, ijapokuwa hatukwenda tena uwanjani. Ndugu yangu alikuwa ameacha kupiga simu ofisini; aibu nayo ina ratiba yake. Jogoo tulimla siku moja. Jioni moja Mama, ambaye hakuwa mjinga, alisema labda mtoto anaogopa kurudi kule akishakuja. Baba akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kushuka saa saba, kupanda saa nane," akasema. "Mwanangu anaogopa saa moja?"

Machi miguu ilikataa kabisa, tukampeleka hospitali. Nilikuwa nikipita kila jioni kutoka kazini na chupa ya uji. Siku moja alinishika mkono. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na ile alama ya penseli kwenye kidole.

"Mkubwa wako hana neno lolote?" akauliza.

"Neno gani, Baba?"

"Lolote. Alilokuambia wewe."

Nikasema, "Hana."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyepewa taarifa na kuikubali. Wiki ya pili ya Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza, alifariki.

Tulimsafirisha kwa basi la kukodi, kwa sababu treni haikuwa ikibeba tena kama zamani. Alizikwa kwa babu, upande, karibu na mahali alipokuwa na kibanda chake cha ujana kabla hajaja Nairobi kutafuta kazi. Karani wa miaka thelathini, baba wa watoto, babu wa mtoto ambaye hakumwona, akawekwa pale kama kijana ambaye hajatoka kwao. Watu wa rika lake waliinamisha macho. Ndugu yangu alituma pesa za shada kubwa la maua, na baba mdogo hakujua aliweke wapi, maana kwetu hatuna desturi hiyo.

Baada ya watu kutawanyika baba mdogo alinifuata nyuma ya ghala la mahindi. Yeye ndiye mdogo wa Baba, aliyebaki kijijini kulinda mashamba.

"Baba yako aliniandikia Novemba," akasema. "Aliuliza kama mkubwa akishindwa, wewe unaweza kushika shoka. Tukakaa na wazee. Tukamjibu: mkubwa akitamka kwa kinywa chake kwamba amemwachia mdogo, mdogo ashike, hakuna lawama. Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Ndiyo. Alisema hataki kukutuma kuomba kwa ndugu yako. Alisema wewe umefanya ya kutosha. Neno likija, alisema, litakuja kwako, nawe utamletea."

Nilitazama mlima mdogo wa udongo mbichi. Baba mdogo aliendelea kuzungumza kuhusu turubai la kurudisha kanisani.

Hayo yote ndiyo niliyoyabeba mpaka ile asubuhi ya sanduku la magurudumu, wakati makaratasi ya ndugu yangu yalikuwa yamefufuka na amekuja kwa likizo ya wiki mbili. Nilimleta Tena, vyumba vile vile. Mama alikuwa amekwenda kwa dada yake, atarudi jioni. Ndugu yangu alizunguka akigusa vitu, akasema paa ni la chini kuliko alivyokumbuka. Nikamtolea daftari la Baba. Nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya siku hiyo. Nilitaka limpige usoni.

Alisoma akiwa ameketi kwenye godoro langu. Alisoma ratiba, akasoma Jumapili zote, ndege baada ya ndege, na mwandiko unavyozidi kutetemeka. Alilia, na nilimwacha alie. Kisha akarudi nyuma kwenye ukurasa wa Desemba, akaweka kidole upande wa kulia. Nilijua kimeandikwa nini pale. *Sababu: kukosa kuunganisha London. Taarifa imeletwa na mwanangu wa pili.*

"Hii ni nini?" akauliza.

Nikanyoosha mkono nilichukue daftari, naye hakuliachia.

"Nilikuambia umwambie nimekuachia. Nilikuambia mara mbili."

"Ulimwambia unakuja."

"Nilimdanganya, ndiyo. Sikuweza kumwambia hapana. Nilidhani wewe utamwambia, ndiyo maana nilikuambia kwanza." Alifunga daftari polepole, akanitazama, na hakuwa na hasira, na hasira ingenisaidia. "Mimi nilikuwa New York. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa upande huu wa pazia.